Nani Kasema Hasheem Alichemsha?

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani, Rudewa. Nilishuka Kilosa na treni ya SGR, nikadandia bodaboda, tukapita mashamba ya mkonge yale yale niliyoyaacha, na kabla ya magharibi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya duka la rafiki yangu wa zamani, soda mkononi, naangalia watoto wakicheza chandimu. Kati yao alikuwepo kijana mmoja aliyewazidi wenzake kwa kichwa kizima. Miaka kumi na minne hivi, si zaidi. Suruali ya shule imemwishia katikati ya miundi. Kila akigusa mpira wenzake wanapiga kelele: "Hashimu! Hashimu!"

Nikamuuliza mwenye duka kama mtoto anaitwa Hashimu kweli. Akacheka.

"Wala. Wanamwita hivyo kwa ule urefu. Si unamjua yule Hasheem wa kikapu? Aliyekwenda Marekani akachemsha."

Nikamwita kijana. Akaja, akaniamkia shikamoo, nikamwitikia. Nikamuuliza kama anamjua huyo mtu anayeitwa kwa jina lake. Akaangalia chini, akachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Simjui. Wanasema alikuwa mrefu halafu akashindwa."

Alikuwa mrefu halafu akashindwa. Maneno manne. Huo ndio wasifu mzima wa Hasheem Thabeet uliofika Rudewa, na mtoto mwenye miguu mirefu keshavalishwa kabla hata hajaiona pete ya kikapu kwa macho yake.

Nilirudi mjini na hasira. Si hasira ya kumkasirikia mwenye duka, wala wale watoto. Wao wamepokea walichopewa. Hasira yangu ni juu yetu sisi tunaojiita watu wa kalamu: waandishi wa habari, waandishi wa vitabu, wahakiki, na nyie mnaosoma kurasa kama hizi na kulalamika kila wiki kwamba fasihi ya Kiswahili imelala. Hadithi imekaa mlangoni mwetu tangu mwaka 2009, mwenyewe yupo hai, mama zetu wanaikumbuka, na sisi tumeacha isimuliwe na watu wengine, kwa lugha nyingine, kwa ajili ya wasomaji wengine. Halafu tumeitafsiri vibaya.

Nianze na dhambi yangu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni katika kazi ya habari, mhariri alinipa nafasi iliyobaki wazi kwenye ukurasa wa michezo. Muda hakuna, gazeti linakwenda mtamboni. Nikaingia mtandaoni, nikakuta moja ya zile orodha za Wamarekani za wachezaji waliochaguliwa juu wakaangukia pua. Hasheem yumo. Nikaigeuza Kiswahili, nikaweka kichwa cha habari chenye neno "kuchemsha", nikaenda kula chipsi. Dakika arobaini. Sikumpigia mtu yeyote simu. Sikumtafuta hata mtu mmoja aliyemwona akianza kucheza hapa Dar es Salaam, wakati ninaishi Dar es Salaam. Kwa hiyo ninaposema "sisi", jamani, najua ninamsema nani.

Sasa tuweke mezani yale yanayojulikana.

Hashim Thabit Manka alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Aligusa mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15 hivi, umri ambao wenzake wa nchi nyingine wameshacheza miaka tisa, kumi. Akaenda Marekani, akamalizia sekondari Houston, Texas. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, mmoja wa makocha wakubwa wa vyuo kule. Akacheza misimu mitatu. Kwa misimu hiyo alibloku mipira zaidi ya 400. Mwaka 2008 na tena 2009 makocha wa vyuo walimtaja mchezaji bora wa ulinzi wa nchi nzima. Nchi nzima ya Marekani, msomaji, si ya mkoa. Januari 2009 dhidi ya Providence alimaliza mchezo na pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10, na miezi miwili baadaye Connecticut ilikuwa kwenye timu nne za mwisho za ubingwa wa vyuo.

Juni 2009 ukaja usiku wa drafti, ambapo klabu za NBA huchagua vijana kwa zamu. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa pili, Memphis Grizzlies wakamwita Hasheem. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika kwenye ligi ile kabla yake. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry.

Na hapo ndipo msumari ulipopigiliwa. Kuanzia usiku ule Hasheem hakuwa tena kijana wa Dar aliyegusa mpira akiwa na miaka 15. Akawa "yule aliyechaguliwa kabla ya Harden na Curry".

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kuchemsha, kwa Kiswahili chetu cha mtaani, ni kushindwa jambo ambalo watu walitarajia uliweze. Lipo ndani yake neno "walitarajia". Nani alitarajia? Hasheem hakujichagua. Kuna watu wazima Memphis, wenye mishahara, skauti, video na madaktari, waliokaa ofisini wakakadiria thamani ya kijana wa miaka 22, wakakosea. Mlanguzi akija shambani kwako Rudewa, akanunua mahindi yakiwa bado mabichi, akakadiria magunia ishirini, yakatoka manane, utasema nani kachemsha? Mahindi?

Minnesota usiku ule ule walikuwa na nafasi mbili mfululizo, ya tano na ya sita. Wakawachagua Ricky Rubio na Jonny Flynn, wakampita Curry mara mbili. Hao ndio waliokosea mara mbili ndani ya dakika chache. Lakini mwenye kosa la klabu hatajwi kwenye chandimu. Anayetajwa ni mchezaji. Ligi ile ni biashara, na biashara yenye akili hupeleka hasara kwa aliye chini. Wamarekani kufanya hivyo naelewa, ni soko lao. Sisi tuna hisa gani Memphis? Tumeibebea hasara klabu ambayo haijui hata Kilosa iko upande gani wa dunia.

Utasikia: "Takwimu hazidanganyi, bwana." Sawa, tuzichukue takwimu. Michezo 224 ya NBA. Wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Msimu wa kwanza, pointi 3.1 kwa wastani wa dakika 13 kwa mchezo. Mwezi Februari 2010 Memphis wakampeleka Dakota Wizards, kwenye ligi ya chini ya kukuzia vipaji, na wakati ule hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa ameshushwa namna hiyo. Februari 2011 akauzwa Houston. Machi 2012 akauzwa Portland, kwenye gari moja na yule yule Jonny Flynn. Kisha misimu miwili Oklahoma City. Mwaka 2014 mlango ukafungwa.

Sitaki kuzipaka rangi hizo namba. Ni ndogo. Mtu anayesema Hasheem alikuwa nyota wa NBA anadanganya, na sifa za uongo ni matusi ya aina nyingine. Ila namba inajibu swali lililoulizwa tu. Ukiuliza "je, Memphis walipata walichokilipia?", jibu ni hapana. Sasa uliza jingine: ligi ina klabu 30, kila klabu ina wachezaji kama 15, dunia nzima inagombania nafasi 450. Mtoto wa nchi isiyokuwa na historia yoyote kwenye ligi hiyo, aliyeanza akiwa na miaka 15, alikaa humo misimu mitano, klabu nne, na mwaka 2012/13 alicheza michezo 66 kwa Oklahoma City iliyoshinda michezo 60 na kuongoza kanda yake. Swali hili likiulizwa, namba zile zile zinabadilika sura.

Uliza la tatu: Memphis alimkuta nani? Alimkuta Marc Gasol, senta Mhispania ambaye miaka minne baadaye angetajwa mlinzi bora wa NBA nzima. Walimchagua kijana ambaye alihitaji dakika nyingi za kukosea na kujifunza, wakamweka nyuma ya mtu ambaye hakuna kocha mwenye akili timamu angemtoa. Siandiki hivi kumtetea. Mwandishi anatakiwa kuuliza alifikia nyumba gani kabla hajasema mgeni hana adabu.

Twende Latvia kidogo. Najua unashangaa, lakini kaa nami.

Mwaka 2015 New York Knicks walimchagua wa nne kijana wa Kilatvia, Kristaps Porziņģis. Urefu wake unakaribiana na ule wa Hasheem, futi saba na inchi zake. Mashabiki wa New York walimzomea ukumbini. Hawakumjua, walimwona mrefu na mwembamba, wakaamua keshachemsha kabla hajavaa jezi. Miaka tisa baadaye, 2024, akawa bingwa wa NBA na Boston. Katikati aliumia goti vibaya, akahamishwa Dallas, akahamishwa Washington. Hakufuata mstari ulionyooka.

Mtu wa haraka atasema: unaona? Mrefu kwa mrefu, mmoja kaweza mwingine kashindwa. Lakini mtazame huyo Mlatvia ametokea wapi. Baba na mama walicheza kikapu. Kaka yake alicheza kikapu kwa kulipwa. Akiwa na miaka 15, umri ule ule ambao Hasheem ndio kwanza anaugusa mpira, yeye alikuwa Sevilla, Hispania, kwenye shule ya klabu ya kulipwa. Na nyuma ya familia ile kuna nchi. Latvia ilichukua ubingwa wa kwanza kabisa wa Ulaya, Geneva, mwaka 1935. Klabu ya jeshi ya Riga ilichukua makombe matatu ya kwanza ya klabu bingwa Ulaya, 1958 mpaka 1960. Klabu ya wanawake ya TTT Riga ilitwaa ubingwa wa Ulaya mara 18. Mtoto mrefu akizaliwa Liepāja, pete inamsubiri.

Na mtoto mrefu akizaliwa Rudewa? Mimi nimekulia pale, na katika utoto wangu wote sikuona pete ya kikapu. Niliona magoli ya miti. Mtoto mrefu alikuwa na kazi mbili: kukaa dawati la nyuma, na kuangua maembe.

Lakini sikuwapeleka Latvia kuangalia viwanja. Niliwapeleka kuangalia kitu kinachotuhusu sisi wa humu. Watu wa Latvia hawafiki milioni mbili. Lugha yao haina soko nje ya nchi. Pamoja na hayo, mwaka 2012 walitengeneza filamu nzima juu ya ile timu ya 1935, kwa lugha yao, na mtoto wa Riga leo akitaka kujua mababu zake walifikaje Geneva anaketi anaangalia. Sisi kwa sensa ya 2022 tulikuwa karibu milioni 62, na Kiswahili kinasemwa kutoka Mombasa hadi Lubumbashi. Kitabu cha Kiswahili cha maisha ya Hasheem kiko wapi? Nimezunguka maduka ya vitabu ya Dar na meza za vitabu vya mtumba, sijakiona. Aliyekiona aniletee, nitamwomba radhi hadharani na nitakihakiki hapa hapa.

Msiniambie kwamba Kiswahili hakina mila ya wasifu. Shaaban Robert alikaa na mwimbaji, mwanamke maskini kutoka Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Hakusubiri mtu wa London aje amwambie kwamba Siti anastahili kitabu. Hakuuliza kwanza kama Siti "alifanikiwa" kwa vipimo vya wenye kampuni za santuri. Aliona maisha yenye njia ndefu kutoka chini, akajua hiyo ni kazi ya mwandishi. Leo tukitaka kujua Siti alikuwa nani tuna pa kuanzia, na pa kuanzia pana Kiswahili kilichonyooka.

Baada ya hapo tukafanya nini? Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, na dunia nzima inamjua kwa sentensi moja ya Kiingereza. Sentensi moja! Watu wanaibandika ukutani ofisini Ulaya. Sisi tunaipokea kutoka kwao, tunaitafsiri, tunaisoma kwenye mahafali. Mbwana Samatta alifunga goli Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi, Machi 2020. Shangwe ikadumu wiki. Ukitaka kusoma alivyofika pale, unarudi kwenye vipande vya magazeti, na vipande vya magazeti ninavijua, maana ninaviandika mimi na wenzangu. Vina haraka.

Angalia hata jina. Mtu anaitwa Hashim Thabit. Majina ya kwetu kabisa, yamejaa pwani yote, kila msikiti una Thabit wake. Wamarekani wakayaandika kwa masikio yao: Hasheem Thabeet, kwa "ee" mbili mbili. Nasi tukayapokea vile vile, hata magazeti ya Kiswahili, hata mimi kwenye makala hii, kwa sababu nikiandika Hashim Thabit nusu yenu hamtajua namsema nani. Mtu aliondoka Dar es Salaam na jina lake, likarudi limebadilishwa tahajia, na hakuna mhariri aliyeuliza. Kama tulishindwa kulinda irabu mbili, tungelindaje hadithi?

Najua majibu yatakayokuja kwenye simu yangu.

La kwanza: "Michezo si fasihi." Hili linatoka kwa watu wa vyuoni, na linanichosha. Kijana ameondoka kwao na mwili ambao mtaani unachekwa, amefika ugenini mwili ule ule unalipiwa mamilioni, kisha ndani ya miaka mitano anaambiwa mwili ule hautoshi. Kama hapo hamna fasihi, basi niambieni fasihi inakaa wapi. Tunaandika riwaya kila mwaka juu ya kijana anayetoka kijijini kwenda mjini kuharibikiwa. Huyu hapa ametoka kweli, mji wenyewe ni Memphis, na hakuharibikiwa kama tunavyotaka aharibikiwe.

La pili: "Wasomaji hawanunui." Hawanunui nini? Kitu ambacho hakijachapwa? Wanaume wa kijiwe chochote cha kahawa watakwambia Samatta alifunga dakika ya ngapi. Njaa ipo. Tunachowapa ni udaku na matokeo.

La tatu ni zito zaidi, na nalijibu kwa heshima: "Mwache mwenyewe. Labda hataki kuandikwa." Inawezekana kabisa, na kama hataki ni haki yake. Lakini hatukumwacha. Tumemwandika miaka yote hii, mistari miwili miwili, tukiiba kwa wengine. Kumwandika kwa dharau hatuoni haya. Haya inatujia pale tu tunapoombwa kumwandika kwa kazi.

Na nikisema kazi simaanishi kaswida ya kumsifu. Sitaki kitabu kilichodhaminiwa, chenye picha ya kiongozi ukurasa wa tatu. Nataka kitabu kitakachomkalisha chini na kumuuliza maswali magumu. Kwa nini mikono iliyobloku watu Connecticut haikupata mtupo wa uhakika wa kufunga? Nani alimfundisha, na nani aliacha kumfundisha alipogundua urefu peke yake unatosha kushinda vyuoni? Alilala vipi usiku ule aliopelekwa Dakota, mwezi Februari, mtu wa Dar kwenye theluji? Kulikuwa na siku alijilaumu mwenyewe, na alikuwa na haki ya kujilaumu? Kama kuna makosa yake, yaandikwe, maana mtoto wa Rudewa anahitaji kuyajua kuliko anavyohitaji sifa.

Halafu kitabu hicho kiendelee pale orodha za Wamarekani zinapokoma. Maana kwao Hasheem alikufa mwaka 2014. Hakufa, jamani. Akiwa na miaka 31 alikuwa Yokohama, Japani, anacheza. Akarudi Marekani akajaribu tena kwenye ligi ya chini, Fort Wayne. Akaenda Taiwan. Mwaka 2025, na miaka yake 38, alikuwa bado uwanjani, safari hii akivaa jezi ya klabu ya hapa hapa nyumbani, Dar City. Hesabu vizuri: mtu tuliyemzika kwa kichwa cha habari amecheza kikapu kwa kulipwa katika mabara mawili baada ya mazishi, kisha akarudi la tatu, alikozaliwa. Mtu aliyechoka na mchezo hafanyi hivyo. Mtu aliyeufuata kwa ajili ya pesa za Memphis tu hafanyi hivyo. Kuna jambo hapo kati yake na ule mpira, na mimi kama msomaji nataka kulijua kuliko ninavyotaka kujua wastani wake wa pointi.

Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma zaidi. Tulipokopa hukumu ya Wamarekani, tulikopa na mwisho wao wa hadithi. Wao walikuwa na sababu ya kufunga kitabu 2014, mchezaji alitoka kwenye soko lao. Sisi tulifunga kitabu ambacho hatujakifungua, na mhusika mkuu anapita Dar es Salaam, ukitaka kumwona unalipa kiingilio.

Kwa hiyo natoa wito, na wito wangu ni mdogo. Wachapishaji, mnaosema mnatafuta vitabu vya ziada vya kusoma shuleni: hiki hapa, kurasa 120, lugha ya darasa la saba. Vyuo vya uandishi wa habari, kila mwaka mnatoa wahitimu ambao hawajawahi kukaa na mtu mmoja kwa saa kumi wakamsikiliza. Wapeni kazi hiyo. Waandishi wenzangu wa michezo, tukikuta orodha ya waliochemsha mtandaoni, tuiache huko huko. Na wewe msomaji, siku nyingine ukisikia mtu anamaliza maisha ya mwenzake kwa maneno manne, mwambie aongeze la tano.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaondoka Rudewa, nilimkuta yule kijana anachota maji. Ndoo mbili, mikono inaning'inia hadi karibu na magoti. Nikamwambia yale niliyokuwa nayo kichwani: yule Hasheem aligusa mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, mwaka mmoja tu zaidi yako. Miaka saba baadaye Marekani nzima walikuwa wakimwita jina lake, wa pili kati ya vijana wote waliochaguliwa ule mwaka. Baadaye mambo hayakwenda kama walivyopanga. Hakuacha kucheza. Mpaka leo anacheza.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sina jibu lake, na ambalo nawaachia nyie wenye kalamu na wenye mitambo ya kuchapa:

"Hayo yameandikwa wapi, kaka? Niwaonyeshe wenzangu."

Nikatoa simu. Nilichokuta ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili, kilichopanda juu kuliko vyote, ilikuwa ni orodha. Ikatafsiriwa vibaya vile vile kama nilivyotafsiri ya kwangu. Nikairudisha simu mfukoni, nikamsaidia kumtwika ndoo.